Msaada wa Gharama za Joto: Haki Inayoachwa Mlangoni

Mazungumzo ya maandalizi ya Ramadhani tuliyokusudia kuyaleta katika safu hii tumeyasogeza hadi toleo lijalo, inshaallah, kwa kuwa mwezi huu wa Januari 2026 umetuletea jambo lisiloweza kungoja.

Watoto wa pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Kilwa, hulitamka neno shitaa kabla ya kujua maana yake. Hulisoma chuoni katika Surat Quraysh, jasho likiwatiririka, na mwalimu huwaeleza kuwa ni msimu wa baridi ambao Makureshi walifanya mojawapo ya safari zao mbili za biashara. Baadhi ya watoto hao wamekua, wamehamia Uingereza, na huko shitaa imewageukia kuwa bili. Ni bili ya gesi na umeme, ambayo huanza kupanda mwezi wa Oktoba na kufikia kilele Januari na Februari, na ambayo haina mwenzake katika maisha tuliyoyaacha nyumbani. Mtu aliyekulia Mombasa au Unguja hakuwahi kulipa fedha ili hewa ya chumbani mwake iweze kukalika.

Kamati yetu inahudumu katika jiji la Leicester, katikati ya Uingereza. Waswahili wa hapa ni mchanganyiko: wametoka Mombasa, Unguja na Pemba, Dar es Salaam, Kismayu na Barawa, na katika miaka ya karibuni wapo waliotoka Kongo. Wengi wamepanga katika zile nyumba za safu zilizojengwa zama za Malkia Victoria, ambazo kuta zake ni tofali tupu, hazina uwazi katikati unaoweza kujazwa kitu cha kuzuia baridi. Kuipasha joto nyumba ya namna hiyo ni kutia maji kwenye pakacha. Boila ikizimwa, baada ya muda mfupi ukuta unakuwa kama jiwe la kisimani.

Dalili za shida hii sisi huziona msikitini kabla hazijaonekana kwenye karatasi yoyote. Katika siku fupi za msimu huu, Maghribi huingia kiasi cha saa kumi jioni. Wazee wetu huiswali, wakabaki hadi Isha, na baada ya Isha wakabaki tena mpaka mwenye zamu ya kufunga milango anapoanza kuzima taa. Kwa baadhi yao ni mapenzi ya kukaa katika nyumba ya Mola wao, na Allah awalipe. Lakini mzee anapouliza kila siku mlango utafunguliwa saa ngapi kabla ya Alfajiri, na akawa havui koti lake hata akiwa nyumbani kwake, basi tunajua kwamba msikiti una joto na kwake hakuna. (Na bili ya msikiti nayo haihusiki na kinga ya bei iliyowekwa kwa ajili ya nyumba za watu, huhesabiwa kama ya biashara. Hayo ni ya mkutano mkuu wa waumini, hatutayaingiza hapa.)

Akina mama hawana pa kukimbilia namna hiyo. Wao hubaki na watoto, na aghalabu wao ndio wanaoshika kadi ya mita na kuamua ni saa ngapi joto liwashwe na ni chumba kipi kiachwe. Mwezi uliopita dada anayesimamia darasa la watoto la Jumamosi alituletea habari ya mama mmoja mwenye watoto wanne, mdogo wao ana miezi kumi na sita. Mita yake ni ya kulipia kwanza, kama LUKU ya Tanzania au tokeni za Kenya. Mumewe hufanya kazi ya usiku ghalani, wiki hii saa arubaini, wiki ijayo kumi na sita. Mama huyo alikuwa akiwasha redieta kwa muda wa saa moja asubuhi kabla watoto hawajaenda skuli, na saa moja tena jioni, kisha familia nzima ikalala chumba kimoja. Deni kwenye mita lilikuwa limepita pauni 300. Alipoulizwa kwa nini hakumwambia mtu, alijibu kwamba mumewe anafanya kazi, na kwamba yeye hakulelewa kuwa mwombaji.

Jawabu lile lilitukalia moyoni kwa siku nyingi, kwa sababu ndani yake mna heshima ya kweli na mna kosa la kufahamu, na viwili hivyo vimeshikana kiasi kwamba ni vigumu kulitoa kosa bila kuijeruhi heshima.

Tuanze na kosa. Familia hiyo hupokea Universal Credit, ambayo ni posho ya serikali kwa watu wa kipato cha chini, wakiwemo wanaofanya kazi. Kuanzia msimu huu wa baridi wa 2025 hadi 2026, karibu kila nyumba inayopokea posho inayopimwa kwa kipato hustahiki punguzo la pauni 150 katika bili ya umeme, punguzo liitwalo Warm Home Discount. Zamani ilibidi nyumba yenyewe ihesabiwe kuwa ni ya gharama kubwa kuipasha joto, na wengi waliachwa nje kwa hesabu ya kompyuta wasiyoielewa. Sharti hilo sasa limeondolewa. Na punguzo hili halitoki katika sadaka ya mtu. Makampuni ya nishati hulitoa, kisha gharama yake husambazwa katika bili za wateja wote nchini. Maana yake ni kwamba mama yule, kila anapojaza mita yake, huchangia mfuko huo. Amekuwa akiwalipia wengine punguzo ambalo yeye mwenyewe aliona haya kulipokea.

Kwa walio wengi katika England na Wales punguzo hilo huja lenyewe, pasipo kuombwa. Kwa nini basi halikumfikia? Hapa ndipo tunapowaomba wasomaji waliopo Uingereza wasimame kidogo, kwani sababu tuliyoikuta kwake tumeikuta katika nyumba nyingi za jamaa zetu. Akaunti ya umeme ilikuwa kwa jina la shemeji yake. Shemeji ndiye aliyepanga nyumba ile kwanza, akahama kwenda Birmingham, akawaachia. Kodi ya nyumba ikabadilishwa jina, umeme ukasahauliwa. Sheria ya msimu huu inataka kwamba tarehe 24 Agosti 2025 mpokeaji wa posho, au mwenza wake, awe ndiye mwenye jina lililoandikwa katika akaunti ya umeme. Serikali hulinganisha majina mawili, la posho na la mita. Yasipolingana, mashine hupita nyumba hiyo kama haipo.

Desturi yetu ya kupokezana nyumba kama tunavyopokezana kanzu ni desturi njema, na imewasitiri wageni wengi waliofika na begi moja. Lakini katika jambo la mita inatugharimu. Umeme kwa jina la kaka, gesi kwa jina la mwenye nyumba, na herufi moja iliyokosewa katika jina la Mwanakhamisi: haya ndiyo yanayoondoa pauni 150 katika nyumba za watu wetu. Kulirekebisha jina ni simu moja kwa kampuni. Kwa msimu huu tarehe imekwisha kupita, lakini mwenye kurekebisha leo hatarudi katika shimo lile lile mwakani.

Milango mingine bado iko wazi. Halmashauri katika England zina fedha za Household Support Fund, mfuko wa kuwasaidia wenye shida ya chakula na nishati, na mfuko huo kwa sura yake ya sasa unaishia tarehe 31 Machi 2026, kisha utafuatiwa na mpango mwingine. Masharti hutofautiana baina ya halmashauri moja na nyingine, na fedha zikiisha zimeisha. Kwa hiyo anayengoja Machi huenda akakuta sanduku tupu. Kampuni ya nishati nayo inalazimika, kwa kanuni za msimamizi wao aitwaye Ofgem, kupanga malipo ya deni kwa kadiri ya uwezo wa mteja. Kwa mwenye mita ya kulipia kwanza, sehemu ya kila anachojaza hukatwa kulipia deni, na kiwango hicho cha kukatwa kinaweza kupunguzwa mteja akieleza hali yake. Wengi hawajui. Hujaza pauni 10, wakaona umeme wa pauni 6, wakadhani mita imeharibika au wamedhulumiwa.

Liko pia jambo la tozo ya kila siku, ambayo hudaiwa hata kama gesi haikuguswa. Baadhi ya akina mama huacha mita ya gesi bila kujazwa tangu Mei hadi Septemba kwa nia ya kubana matumizi. Oktoba wanapojaza, fedha za kwanza humezwa na tozo ya miezi mitano. Afadhali kujaza kidogo kidogo wakati wa joto.

Na tuseme neno juu ya kile kiitwacho kikomo cha bei. Kwa miezi ya Januari hadi Machi 2026 magazeti yanataja pauni 1,758 kwa mwaka, na tumewasikia watu wakisema kuwa haiwezekani wadaiwe zaidi ya hapo. Hiyo ni hesabu ya nyumba ya matumizi ya wastani. Kilichowekewa kikomo ni bei ya kila kipimo cha nishati pamoja na tozo ya siku. Anayetumia zaidi hulipa zaidi.

Nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka mitano, mjamzito, mzee, mgonjwa wa muda mrefu, au mtu asiyekimudu Kiingereza vizuri, inaweza kuandikishwa katika daftari la wateja wa kuangaliwa kwanza, ambalo kila kampuni inalo, wala hakuna malipo. Mwanzoni mwa 2023 ulizuka mjadala mkubwa nchini baada ya kubainika kuwa nyumba za watu dhaifu zilikuwa zikiingiwa kwa amri za mahakama na kufungwa mita za kulipia kwanza kwa nguvu. Ofgem ilisimamisha jambo hilo, kisha ikatoa kanuni mpya. Kwa kanuni hizo, nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka miwili haifungwi mita hiyo kwa nguvu. Mama wa watoto wanne tuliyemtaja hakuwa ameandikishwa katika daftari lolote. Ameandikishwa sasa, na kukatwa kwa deni lake kumepunguzwa.

Kwa wazee, kilio kikubwa ni Pension Credit, nyongeza inayompandisha mzee wa miaka 66 na zaidi anayehesabiwa peke yake hadi kufikia pauni 227.10 kwa wiki katika mwaka wa fedha wa 2025 hadi 2026, ikiwa kipato chake kiko chini ya hapo. Nyongeza hii ndiyo ufunguo: mwenye nayo hupata punguzo la pauni 150, na baridi ikishuka hadi sifuri au chini yake kwa wastani wa siku saba mfululizo, hupata pauni 25 kwa kila juma la namna hiyo. Malipo ya wazee ya msimu wa baridi, pauni 200 au 300 kwa umri, ni mengine kabisa na yamerudishwa kwa wastaafu wengi baada ya mvutano wa mwaka 2024. Lakini wale wasiopokea pensheni ya taifa wala posho yoyote inawabidi wayaombe wenyewe, na mwisho ni 31 Machi.

Bibi zetu wanazo sababu zao za kuikimbia Pension Credit, na sababu hizo zinastahili kujibiwa kwa adabu. Ya kwanza ni fedha za hija. Bibi ana pauni 12,000 benki, nia yake Makka, naye amesikia kwamba mwenye akiba hapewi. Ukweli ni kwamba akiba hadi pauni 10,000 haiguswi, na kila pauni 500 zinazozidi hapo huhesabiwa kuwa pauni moja ya kipato kwa wiki. Akiba yake yote inampunguzia pauni nne kwa wiki. Hija yake iko salama.

Ya pili ni nyumba ya Mombasa, au kiwanja cha Kigamboni. Hapa hatuna jawabu la kumfurahisha kila mtu. Mali iliyoko nje ya nchi ni mali, na hutajwa katika fomu. Wapo wanaosema kwamba serikali haitajua. Sisi tunaojaza fomu hizo pamoja na watu tumekubaliana katika kamati kwamba anayetaka kuficha ajaze mwenyewe. Kalamu ya msikiti haitaandika uongo. Nyumba yenye ubia wa warithi kumi, ambayo haiuziki bila ugomvi, ina thamani tofauti na nyumba ya mtu mmoja, na hilo nalo lielezwe kama lilivyo. Ya tatu ni safari. Bibi anayekwenda kukaa Lamu miezi mitatu kukimbia baridi ajue kwamba Pension Credit husimama akikaa nje ya nchi zaidi ya wiki nne kwa safari ya kawaida, na kwamba ni wajibu wake kutoa taarifa kabla ya kuondoka. Tumeona barua za kudai fedha zirudishwe, na zinatisha kuliko bili ya gesi.

Familia ambazo viza zao zimeandikwa kuwa haziruhusiwi kutegemea fedha za umma zisijaze fomu yoyote ya posho kabla ya kuzungumza na mshauri wa uhamiaji aliyeidhinishwa. Tunalisema hili kwa mkazo. Hata hivyo, zaka, sadaka na misaada ya jumuiya za hisani si fedha za umma, na halmashauri zina wajibu wao kwa mtoto aliye katika hatari. Familia za namna hii ndizo tunazozihofia zaidi, kwani hujificha kabisa.

Sasa turejee kwenye heshima ya yule mama. Mtume (SAW) ametukataza kugeuza kuomba kuwa kazi, na katika hadithi ya Qabisa (RA) iliyopokewa na Imamu Muslim ametaja watu watatu tu ambao kuomba kumehalalika kwao: aliyebeba dhamana ya kusuluhisha watu, aliyefikwa na janga lililoteketeza mali yake, na aliyepatwa na ufukara unaoshuhudiwa na watu wenye akili katika jamaa zake. Mafunzo haya tumelelewa nayo na ndiyo yanayomfanya Mswahili afe na tai shingoni. Lakini kuchukua kilichowekwa na sheria ya nchi kwa ajili ya watu wa sifa fulani, nawe una sifa hizo na umesema kweli, si kunyoosha mkono kwa watu. Hakuna uso uliouinamia. Zaidi ya hayo, anayekataa si yeye peke yake anayelala na baridi. Mtoto wa miezi kumi na sita hana haya ya kuitunza.

Upande wa zaka, swali tuliloletewa na mchangiaji mmoja lilikuwa hili: inajuzu vipi kumpa zaka mtu ambaye mumewe ana ajira na ndani ya nyumba mna runinga? Tulilijibu kwa kumrudisha kwenye Surat Al-Kahf. Wale wenye jahazi lililotobolewa na Khidhr (AS) walikuwa na chombo na walikuwa na kazi baharini, na bado Qur'ani imewaita masikini. Wanazuoni wa madhhabu yetu ya Shafii wamechukua hapo kwamba masikini anaweza kuwa na kitu na akawa na chumo, ila chumo hilo halimtoshelezi. Mfanyakazi wa ghala ambaye mshahara wake unaishia kwenye kodi ya nyumba anaingia humo. Na mwenye deni la mita asiloweza kulilipa anaingia katika fungu la wenye madeni, miongoni mwa mafungu manane ya aya ya 60 ya Surat At-Tawba.

Jambo la kuzingatia ni namna ya kulipa. Tumependekezewa mara kadhaa kwamba kamati ichukue orodha ya wadaiwa na kuzilipa kampuni moja kwa moja, kimya kimya. Nia ni njema, lakini zaka ni milki ya mpokeaji, na tulivyosomeshwa, deni la mtu hulipwa kwa mdai wake kwa fungu la zaka pale mwenye deni aliporidhia. Kwa hiyo tunamwuliza kwanza. Wengi huridhia, na wengine huomba wapewe mkononi ili mume ndiye aende kulipa. Tunawapa.

Shida yetu nyingine ni ya kalenda. Watu wetu hutoa zaka Ramadhani, na katika miaka mingi ya karibuni Ramadhani iliangukia miezi ya joto au machipuko, kiasi kwamba sanduku lilijaa wakati redieta zimezimwa na likawa limekauka ifikapo Januari. Mwaka huu Ramadhani inatarajiwa katikati ya Februari. Ni karibu, lakini juma la baridi kali ni juma hili. Aliyekwisha kumiliki nisabu anaruhusiwa kuitanguliza zaka ya mwaka wake kabla haujatimia, na tunawaomba wenye uwezo walifanye hilo sasa.

Kuna watakaosema kwamba baridi ni ya kuvumilia, waongeze blanketi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza nyuzi 18 kuwa kiwango cha chini cha joto salama ndani ya nyumba katika nchi za baridi. Chini ya hapo kwa muda mrefu, kifua cha mtoto na moyo wa mzee huanza kulipa. Nyumba isiyopashwa joto hushika unyevu, na unyevu huzaa kuvu nyeusi kwenye pembe za dari na nyuma ya kabati. Mwezi wa Desemba 2020, mjini Rochdale, mtoto wa miaka miwili aitwaye Awaab Ishak, wazazi wake wakiwa wametoka Sudan, alifariki kwa maradhi ya njia ya hewa yaliyotokana na kuvu katika nyumba ya kupanga. Baba yake alikuwa amelalamika. Kwa jina la mtoto huyo ipo sheria sasa, iliyoanza kutumika kwa nyumba za kijamii tarehe 27 Oktoba 2025, inayomlazimisha mwenye nyumba kuchunguza hatari kubwa ya unyevu na kuvu ndani ya siku kumi za kazi, na jambo la dharura ndani ya saa 24. Mwenye kuvu chumbani apige picha, aandike tarehe, apeleke malalamiko kwa maandishi. Na matundu ya hewa ukutani, ambayo tunajua mmeyaziba kwa gundi ya karatasi kuzuia upepo, yafunguliwe.

Tunaongeza onyo moja lisilo na mjadala. Jiko la mkaa lisiingizwe ndani kwa ajili ya kuota moto, hata chumba kikiwa kikubwa, hata dirisha likiachwa wazi kidogo. Kule kwetu jikoni mna upepo. Hapa nyumba zimefungwa, na hewa ya sumu ya mkaa haina harufu wala rangi, humchukua mtu akiwa usingizini. Chetezo cha udi ni kingine, ingawa nacho kisiachwe kikiwaka watu wamelala.

Kwa wasomaji wetu mlioko Tanga, Malindi, Mtwara na kwingineko nyumbani, tuna ombi. Mwanenu akisema mwezi huu hana, msimhesabie pauni kwa shilingi mkaona utajiri. Katika nyumba tulizozitembelea msimu huu, tumekuta zaidi ya moja ambamo fedha za ada na za matibabu ya mama zilitumwa kwa wakati, na mita ikaachwa. Kuwasaidia wazazi ni wajibu, wala hatumwambii mtu aukate. Tunasema tu kwamba kijana wa namna hiyo hatawaambia, kwa kuwa amewaambia kila mara kwamba hajambo. Mwulizeni kama chumbani mwake mna joto, kisha mpeni ruhusa ya kuchelewesha hadi Aprili yale yanayoweza kungoja: harusi ya binamu, bati la banda, simu mpya.

Meza ya ushauri ya kamati hukaa kila Jumatano baada ya Isha katika chumba cha maktaba, na kwa akina mama ni Jumamosi asubuhi wakati wa darasa la watoto, wakipokewa na dada wawili wa kamati. Hakuna mwanamume anayeingia chumba hicho wala anayeona daftari lao. Majina hayasomwi katika kikao, huandikwa namba. Mwenye kuja alete bili ya mwisho ya umeme na ya gesi, barua ya posho yoyote anayopokea, na kitambulisho. Mwenye mita ya kulipia kwanza alete kadi yake na risiti mbili za mwisho za kujaza. Asiyeweza kutoka kwa ugonjwa au theluji atume mtoto msikitini, naye atafuatwa nyumbani siku hiyo hiyo.